Kofia Niliyoivua Mbele ya Mzungu

Jumatano. Mvua imekatika baada ya adhuhuri, Mtaa wa Kongo wote ni tope, na mimi nimerudi nyumbani na viatu mkononi. Naandika hapa kizingitini, maana mwanga bado upo na adhana ya magharibi haijaadhiniwa.

Leo nimesifiwa kwa Kiingereza.

Ningeishia hapo, daftari hili lingedhani nimekuwa na siku njema.

Nianze na meza. Mwezi mzima nimekuwa nikitengeneza meza ya kuandikia ya Mzungu mmoja wa serikalini, katika karakana ya tajiri yangu, Bwana Magan. Mvule mtupu. Watoto wa meza sita, watatu kila upande, na msumari hakuna hata mmoja. Ukimsukuma mtoto wa juu arudi ndani, hewa inamtoa wa chini kidogo, kana kwamba kuna mtu ndani anachungulia. Kitu hicho sikufundishwa na mtu. Nimeharibu mbao nyingi za makasha mpaka nikakipata.

Bwana Magan anafungua karakana ya pili Upanga, kwenye nyumba mpya, na aliniambia kwa kinywa chake: "Mshamu, Mzungu akiipenda meza hii, fundi mkuu wa Upanga ni wewe." Tangu siku hiyo nimekuwa nikilala nikiwaamuru watu ambao bado hawajaajiriwa.

Sasa Maganga. Ni seremala mwenzangu na jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani. Miaka saba amekuwa akinyanyua sahani ya wali mbele yangu na kuondoka nayo, nami namwita mchukuzi mbele ya wakwe zake, na hakuna mwenye ruhusa ya kununa. Yeye amekaa shule miaka sita. Mimi nilitoka chuo cha Kurani na juzuu zangu, mengine nimejifunza kwenye maandishi ya makopo na kwenye magazeti ya kufungia misumari. Kwa hiyo Mzungu akija karakana, mkalimani ni Maganga.

Mwaka jana nilimwomba anifundishe Kiingereza. Akaniuliza nakitaka cha nini. Nikamwambia nataka kile cha kusifiwa tu. Cha kutukanwa nakielewa bila mwalimu.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua daftari langu, hili hili, akaniandikia ukurasa mzima kwa mkono wake. "Well done", husemwa kazi ikiisha vizuri. "Keep it up", endelea hivyo hivyo. "Congratulations", hongera. Hili la mwisho nilimwambia muuza kahawa aliyepata mtoto wa kiume, akaniuliza kama linaambukiza. Nyumbani nilimwambia mke wangu, Zena, "well done" kwa mchuzi wa papa. Akasema kama chumvi imezidi niseme kwa Kiswahili.

Basi leo alasiri Mzungu kaja. Bwana Magan alikuwa ndani na wateja wa vitanda. Mzungu akaizunguka meza mara mbili. Akavuta mtoto wa juu, akamsukuma ndani, wa chini akachungulia. Akarudia. Akarudia tena, kama mtoto aliyepewa filimbi. Akamuuliza Maganga jambo, Maganga akaninyooshea kidole.

Mzungu akanigeukia, akagusa ukingo wa kofia yake, akasema maneno machache. Moyo wangu ulikuwa unapiga randa. Nilishika neno moja tu, "hat".

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema vua kofia," Maganga akanijibu bila kunitazama. "Umesimama mbele yake na kofia kichwani. Huoni anakuonyesha?"

Nikaivua.

Niliivua mbele ya mafundi wote, kofia ya viua aliyonishonea Zena tangu mfungo mosi mpaka Rajabu, nikaikunja, nikainamisha kichwa. Kipara changu kikapata hewa. Mzungu akashangaa, akanitazama, akamtazama Maganga, akasema mengine marefu. Maganga akajibu marefu zaidi, "yes sir" nyingi ndani yake. Mzungu akatikisa kichwa, meza ikapakiwa, akaenda zake.

Kabla ya kufunga, Bwana Magan akaniita.

"Mshamu, meza nzuri, nimeiona. Lakini Maganga anasema Mzungu kakasirika. Kofia sijui nini. Wateja wa Upanga ni watu wa namna hiyo. Maganga atakuwa mkuu kule, wewe utafanya kazi chini yake. Mnapendana, sivyo?"

Nikasema ndiyo, tunapendana.

Nyumbani Zena akaniona kichwa wazi. "Kofia iko wapi?" Nikaitoa mfukoni. "Na umeivua kwa nani?" Nikamsimulia. Akaishika ile kofia, akainyoosha juu ya goti lake. Zena akinyamaza huwa nakwenda kutafuta kazi ya mikono, nami nilichopata karibu ni daftari.

Ukurasa wa Maganga, mstari wa saba. Naunakili kama ulivyo:

"Hats off to you: nakuvulia kofia. Husemwa kwa mtu aliyefanya kazi ya ajabu. (Si lazima kuvua kofia, ewe Mzaramo!)"

Alama ya mshangao ni yake. Hata mzaha ni wake.

Nimeusoma mara nne nikimtafutia udhuru. Labda alisahau. Lakini mtu hasahau mzaha wake mwenyewe.

Nikatoka nje barazani na daftari. Maganga alikuwa anaosha miguu.

"Maganga, mstari wa saba."

Akaitazama karatasi, kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake kikubwa. "Wewe Mzaramo! Utani huo! Ungejiona ulivyoshika kofia, kama unaomba sadaka msikitini!"

"Ni utani?"

"Sasa ni nini? Umenuna? Mtani hanuni."

"Sijanuna. Twende sasa hivi kwa Bwana Magan tukamwambie ulikuwa utani, tucheke watatu."

Maji yakaendelea kumwagika kwenye mguu mmoja ule ule.

"Mshamu," akasema, sauti imeshuka. "Wewe Kiingereza hujui. Kule Upanga ungefanyaje?"

"Ningefanya meza."

Nikamwambia: "Nyinyi Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo ya watu, silaumu. Lakini leo umebeba na sifa zangu. Well done, Maganga. Keep it up."

Hilo nililitamka vizuri, naona, maana hakucheka.

Nimerudi hapa kizingitini na nimetulia kidogo, ila si sana. Sahani za wali alizonyanyua sijawahi kuzihesabu; utani huchukua chakula, huchukua hata jeneza na kulikalia mpaka wafiwa watoe kitu. Lakini vyote hivyo huchukuliwa mbele ya macho ya mwenyewe. Hiki kilichukuliwa kwa lugha nisiyoijua, tena na mwalimu wangu.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko Upanga. Nilisubiri mwaka mzima Mzungu aniambie neno moja kati ya yale ya kwenye ukurasa. Likaja, lile kubwa kuliko yote. Nimelipokea nimeinama, kama mwizi.

Bwana Magan husoma Kiswahili polepole, lakini husoma. Mwandiko wa Maganga anaujua, maana vipimo vyote vya karakana huandikwa naye. Nikiuweka ukurasa huu mbele yake, sitahitaji mkalimani. Najua pia kwamba nikiuweka, ukuta huu kati ya vyumba vyetu utakuwa ukuta kweli, na Zena na mke wa Maganga wanatumia jiko moja.

Nimemuuliza Zena. Amenivisha kofia, akairekebisha ikae upande kidogo, kama anavyopenda.

Adhana hiyo. Kesho nitafika karakana kabla ya Maganga, na daftari kwapani.

Kofia sivui.