Sabato ya Kwamboka

Jumatatu, 3 Machi
Nimekagua shule tatu leo, pikipiki imenyeshewa kutwa. Mwenyekiti wa klabu ya huduma kwa jamii, Bwana Ochieng, alipiga simu kutoka Kisii mjini. Wanachama wanataka kusikia kanda yetu ya elimu imefanikiwa nini. Jumamosi, saa nne. Nikakubali papo hapo. Tuna la kuringia: darasa la tatu la shule moja karibu na Birongo. Mwaka jana hawakujua kusoma. Sasa wanasoma.

Jumanne, 4 Machi
Nilimkuta Kwamboka, mwalimu wa darasa hilo la tatu, kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, kama kila Jumanne. Wazazi wakingoja lori lije kupima majani, yeye huwaketisha watoto juu ya magunia matupu na kuwasomesha. Kwanza Ekegusii, lugha ya nyumbani, kisha Kiswahili. Serikali haijamwajiri, ameajiriwa na wazazi, na muhula ukiisha basi. Hawawezi kumlipa tena. Ochieng amedokeza kwamba klabu ikiridhika itamlipa mwalimu wa darasa hilo mwaka mzima. Nimefurahi kuliko yeye.

Jumatano, 5 Machi
Nimejikoroga mwenyewe. Nilipomwambia Kwamboka ajiandae kwa Jumamosi, alinikumbusha. "Mwalimu, hiyo siku ni Sabato. Mimi siko."
Nusu ya kanda yangu ni Waadventista. Mimi Mkatoliki nikakubali Jumamosi kama mgeni wa huku. Mwalimu mkuu anasema tupeleke watoto Wakatoliki, na Madam Nyaboke, mwalimu mwingine wa shule hiyo, asimame nao. Ameajiriwa na serikali, ana suti nzuri, anajua kuongea. Sikukataa. Niliona haya kumpigia Ochieng kumwambia nimekosea siku.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi ulijaa. Makarani, wenye maduka, wengi wao watu wa upande wa ziwa, wasiowajua walimu wetu. Watoto walisoma vizuri mno. Moraa, yule aliyekuwa akilia akipewa kitabu, alisoma ukurasa mzima. Mama mmoja alitoa leso akajifuta machozi.
Ochieng akaomba mwalimu wao asimame. Nyaboke akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Akasimama. Wakapiga makofi, nami nikapiga. Ochieng akatangaza kwamba klabu itamlipa huyo.
Mimi ni mwoga. Sina neno lingine.

Jumapili, 9 Machi
Sikupokea komunyo. Baada ya misa nilimpigia Nyaboke kwanza, kumwambia nitasema ukweli. Akasema afadhali, hakupata usingizi. Kisha Ochieng. Nilimwambia yote. Akasema:
"Si mngesema tu? Tungesongesha hiyo siku." Kisha akaniuliza jina la Kwamboka linaandikwaje.
Sikutukanwa. Ningependa kutukanwa.

Jumanne, 11 Machi
Mvua kidogo. Lori limechelewa. Nilimpa Kwamboka barua ya klabu, ina jina lake, mwaka mzima. Kisha nikamweleza ya Jumamosi: nani alisimama, nani alipiga makofi. Alikuwa anajua. Watoto walimwambia tangu jana asubuhi.
Nilingoja aniseme. Aliikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa sweta. Akaniuliza jambo moja tu, kama Moraa alifika mwisho wa ukurasa.
Nikasema alifika, bila kusaidiwa.
Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, wenye chaki, kisha akamwita mtoto anayefuata.