Lita Moja, Kilomita Saba

Baba Narae,

Supu ya mwani iko jikoni, ipashe moto. Kabichi ya kimchi usiimalize.

Nampeleka mama yako kliniki kwa teksi. ~~Usitufuate.~~ Njoo utuchukue saa sita, na hita ya gari uiwashe tangu nyumbani.

Tulipotoka hekaluni asubuhi uliizima, eti gari lifike kilomita kumi na mbili kwa lita, kama muuzaji alivyokuahidi. Foleni za Daegu kwa kawaida hazitoi zaidi ya saba, na mimi nimechoka kubishana. Mama ameketi nyuma, vidole vimemganda, nawe unashangilia: "Vumilia, Mama, limefika nane!"

Hakulalamika. Tuliposhuka alininong'oneza, "Mwanangu, kwani gari lenu bovu?"

Nikamjibu ndiyo, nikaita teksi.

Mama Narae