Sura ya Programu ya Masjala

Jumatatu, 3 Machi

Nimeiweka programu yangu kwenye kompyuta ya masjala ya hospitali. Imefunguka mara ya kwanza! Majina ya wagonjwa, namba za kadi, kila kitu kwenye dirisha moja. Wiki tatu nimelichora dirisha lile.

Shangazi hakushangilia. Miaka ishirini na tatu anaitunza masjala kwa daftari na makabati, hajapoteza faili hata moja. Kompyuta anaijua kwa kuchapia barua tu. Kaitazama skrini, kauliza mgonjwa akifariki anatolewa humo na nani.

Kisha kaja Katibu wa hospitali. Ijumaa atakaa mbele ya shangazi, amwandikishe yeye Katibu kama mgonjwa. Shangazi akiweza, abaki masjala. Asipoweza, ahamie bohari akakunje mashuka, na kiti chake apewe mtu anayejua kompyuta. Kalisema kwa upole kabisa, ndiyo maana nimeogopa.

Nikamwambia Katibu programu imekwisha. Haijakwisha. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 4 Machi

Saa tatu asubuhi shangazi kapiga simu. Anabofya, hakuna kinachotokea. Nikamwambia abofye tena. Shangazi ni mtu wa kutii maagizo.

Nilipofika, kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga. Programu ilikuwa imefunguka mara arobaini na moja — zote hazina sura. Ziko kazini, hakuna hata moja inayoonekana.

Niandike vizuri jinsi nilivyojitega. Sura ya programu haimo ndani ya programu. Imo kwenye faili la pembeni, maandishi matupu: hapa pana kitufe, hapa pana kisanduku cha jina. Programu ikiamka inalisoma faili lile, ndipo inachora dirisha. Faili lisipokuwepo, programu inatakiwa kupiga kelele. Yangu inanyamaza. Kwenye mstari wa kupiga kelele niliandika "baadaye", nikaenda kunywa chai.

Na faili lilikuwa wapi? Shangazi kalitunza. Kalikuta jana jioni limekaa ovyo kando ya programu, halina namba ya mgonjwa, halina tarehe. Kwenye masjala yake hakuna faili linalolala nje. Katengeneza folda, kaiita Wasiotambuliwa, kalilaza humo. Ananieleza haya kwa fahari, anangoja nimshukuru.

Hospitali ina fundi wa kompyuta, tunamwita Zima-Washa, maana hiyo ndiyo dawa yake kwa kila ugonjwa. Kazima, kawasha, kaandika kwenye kitabu chake: kosa la mtumiaji. Shangazi kalisoma lile neno, kavua miwani, kaipangusa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza kama programu yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeifuta ile "baadaye". Sasa faili likikosekana au likiharibika, programu inataja ni faili gani na mstari wa ngapi. Kazi ya dakika kumi na mbili. Wiki tatu nimeikwepa!

Nikaenda kumtuliza shangazi. Nikamfungulia lile faili alione, nikidhani atapiga miayo. Kavaa miwani, kalisoma toka juu mpaka chini, kidole kwenye skrini.

— Mwanangu, mbona unamuuliza mtu kama ameoa kabla hujamuuliza namba ya kadi?

Nikasema dirisha linapendeza machoni likikaa hivyo.

— Mtu ana homa, wewe unamchunguzia ndoa.

Kisha kauliza: haya maandishi nikiyahamisha, na sanduku linahama? Nikasema ndiyo. Kauliza na herufi zinakuzwa humu humu? Nikasema ndiyo. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Kaibadilisha!

Nimefika, nikabofya, limetokea dirisha nisilolijua. Namba ya kadi juu kabisa. Herufi kubwa. Ndoa imesukumwa chini. Mimi kitufe cha Futa nilikiweka ubavuni mwa Hifadhi, maana vinalingana urefu. Yeye kakihamishia kushoto juu, peke yake, na Hifadhi kaiweka kulia chini, pale mkono unapoishia. Anasema sumu haiwekwi rafu moja na dawa.

Kumbe mara ya kwanza alikata alama moja, programu ikagoma. Ikamwambia mstari wa mia na kumi na mbili. Kaenda mstari wa mia na kumi na mbili, kaona, karudisha. Peke yake. Na kabla ya kugusa chochote alitoa nakala ya faili langu, kaipa tarehe na jina langu. Mimi sijawahi kutoa nakala ya kitu maishani mwangu.

Kaandikisha wagonjwa tisa mbele yangu bila kusita. Manesi wakaanza kumwita Mama Kompyuta. Yule nesi wa zamu kaniuliza kama nimekuja kujifunza.

Nilicheka nao. Lakini iliniuma, niseme ukweli, humu hasomi mtu. Nimesomea kazi hii miaka minne.

Nimerudi nyumbani nikajiambia Ijumaa si siku ya kubahatisha. Faili la pembeni likiguswa tena kesho, tumekwisha. Nimeishona sura ndani ya programu yenyewe, hakuna tena faili la kuhamishwa wala la kuharibiwa. Sawa kabisa, kitaalamu. Ila sura niliyoishona ni yangu, ile ya zamani. Nimejiambia imejaribiwa zaidi. Uongo. Nilitaka Katibu aone kazi yangu.

Nimeiweka jioni, shangazi keshatoka kazini. Sijamwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Katibu. Naandika haraka.

Saa mbili, kabla ya mgonjwa wa kwanza, Katibu kaketi. Zima-Washa kasimama nyuma ya Katibu na kitabu chake. Shangazi kavaa gauni la sherehe. Programu ikafunguka — sura yangu. Nikamwona anasita, kama mtu aliyekuta samani za nyumba yake zimehamishwa. Kaniangalia. Nikatazama dari.

Hakulalamika. Kauliza jina, kauliza namba, kaandika vyote sawasawa, kavitafuta kimoja kimoja hivyo visanduku. Jasho likamtoka. Akamaliza. Mkono ukaenda kulia chini pale alipouzoesha jana kutwa, kwenye Hifadhi.

Kwenye sura yangu, pale ni Futa.

Kamfuta Katibu mbele ya Katibu. Na lile swali la "Una hakika?" la kuulizwa kabla ya kufuta, nalo nilikuwa nimeliachia baadaye.

Zima-Washa kafungua kitabu hata kabla skrini haijatulia. Katibu hakukasirika, kainama kaitazama skrini. Katuita ofisini, kauliza kwa upole ule ule: kitufe kilikuwa hapo jana? Shangazi kanitangulia. Kasema, kilikuwa hapo hapo, ndugu Katibu, ni macho yangu tu, uzee huu.

Macho yake! Yaliyouona mstari wa mia na kumi na mbili!

Katibu kajaza fomu ya uhamisho. Sababu: kushindwa kutumia programu. Shangazi kasaini, mwandiko wake ule ule wa kwenye mafaili, umenyooka. Kisha kaniinamia, kasema polepole nisiseme neno, mimi ndio naanza kazi, yeye keshaimaliza yake.

Kumbe fomu inahitaji shahidi. Mtu aliyekuwepo, athibitishe kosa lilikuwa la mtumishi. Zima-Washa alikuwa nyuma ya Katibu, hakuona skrini. Nimebaki mimi. Nimeomba nikaisome nje, nikatoka nayo.

Iko magotini, chini ya shajara hii. Juu ya mstari wa shahidi pana jina la shangazi. Mlango uko wazi, namwona kakaa wima, mkoba mapajani, ananiashiria kwa kidevu nisaini yaishe.

Katibu kashatoka mara mbili. Anasema kwa upole kwamba kalamu ninayoandikia ni yake, na anaingoja.