Kalondu Niliyemnyoosha Mguu

Kayole, Jumapili alasiri

Kwako dada Mwende,

Pokea salamu zangu na za mke wangu. Sisi huku ni wazima. Je, mguu unakusumbua na baridi hii? Na Mama, kifua kimepata nafuu? Barua yako ya kuulizia madaftari yako nimeikalia mwezi mzima kwa aibu.

Nilikuahidi kuzipiga taipu hadithi zako ofisini na kuzipeleka kwa mchapishaji. Daftari la kwanza na la pili niliyapiga neno kwa neno. Jumapili, majirani wakifua nguo uani, niliwasomea. Mama Njeri, jirani anayeuza mboga, aliacha nguo kwenye beseni pale Kalondu wako alipoingia nchi iliyo chini ya mlima kuitafuta mvua iliyoibwa. Majoka na mito inayopanda juu havikumshangaza sana. Aliyemshika ni Kalondu mwenyewe, anayevuta mguu, anayeogopa giza na bado anaingia. Wiki nzima aliniuliza kama amefika.

La tatu ndilo nililoliharibu. Nilijiambia mchapishaji atataka shujaa wa kupendeza, nikamnyoosha Kalondu mguu. Nikamwondolea woga, nikampa upanga, akawa anashinda kila vita kabla hata jasho halijamtoka. Lakini niseme ukweli, dada. Kila alipotembea nilikuona wewe, nikakumbuka nilivyokuwa nikikutangulia njiani tukienda shule ili wenzangu wasijue tuko pamoja.

Nilipowasomea hilo, Mama Njeri aliendelea kusuuza nguo. Mwishowe akasema, "Huyu si yule wetu. Huyu hata simwogopei. Sasa nikae hapa nisikilize nini?"

Mchapishaji naye alizirudisha kurasa zote. Alisema mwanzoni alimfuata Kalondu kwa hamu, kisha akampoteza, yakabaki matukio tu.

Nikataka kuyarudisha maneno yako. Lakini daftari lilikuwa limekwisha kuungua. Nilikuwa nimeliweka juu ya magazeti ya kuwashia jiko, na mke wangu akawashia moto nalo. Hana kosa, mimi ndiye niliyeliweka pale. Nimejaribu kuliandika upya kutoka kichwani. Aliyoyafanya Kalondu nayakumbuka yote. Jinsi alivyoogopa, siwezi.

Kuna jingine. Majirani walidhani mwandishi ni mimi, nami nikanyamaza. Jumapili iliyopita niliwaambia kwamba ni wewe, na kwamba nimeichoma kazi yako. Mama Njeri aliniuliza unatembea vipi. Nikamwambia, kama Kalondu. Akasema polepole, "Na wewe ukaona mwendo huo ndio wa kuondoa."



Madaftari mawili yaliyobaki nakutumia na shemeji anayekuja wiki hii, pamoja na kurasa nilizopiga taipu. Jina lako liko juu. Sikuombi uliandike upya lile la tatu. Usipotaka kuliandika tena, ni haki yako.

Nisalimie Mama, na mjomba Kioko anayekununulia kalamu, na shangazi Nduku, mwambie kikapu chake kilifika. Mama Njeri ananiuliza kila siku kama Kalondu alitoka salama kule chini. Najua alitoka. Sijamwambia, maana si mimi wa kumwambia.

Ndugu yako mdogo aliyekukosea,
Mutisya