Barua ya Kuomba Stefano Asinyongwe

Alhamisi, katikati ya Novemba. Korogwe.

Joto la leo halina adabu. Mawingu yamejazana juu ya milima ya Usambara tangu asubuhi, yananguruma kidogo, yanatudanganya, halafu hayashuki. Nimefunga banda langu la ushonaji saa tisa mchana. Wateja wawili wameondoka wamenuna kwa sababu nguo za kipaimara za watoto wao hazijaisha. Wanune tu. Leo mikono yangu haikuwa ya kushona.

Mwanangu Neema ndiye aliyenifungulia blogu hii. Aliniambia, "Mama, andika yaliyo moyoni, maana ukikaa nayo unatugombeza sisi." Basi naandika. Nimelia, nimekunywa chai, nimeona nisipoandika sasa nitagombeza hata kuku.

Jana alikuja mama yake Stefano.

Kwa wageni wa ukurasa huu: Stefano ndiye aliyemuua mume wangu, Elia. Yuko gerezani na amehukumiwa kunyongwa hadi kufa. Rufaa yake imeshindikana.

Mama yake anakaa Kwamsisi, huko Handeni. Nilimwona akivuka barabara na kikapu chake cha ukili, nikamjua kwa mwendo. Nilitamani cherehani inimeze. Amenizidi zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo shikamoo ni yangu kuitoa, nami niliitoa kwa meno. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaketi kwenye benchi la wateja, nyuma ya msichana aliyeleta sketi ya kupunguzwa, akasubiri zamu yake.

Loo, ile zamu iliniudhi! Angekuja analia na kugaagaa chini ningemfukuza bila aibu. Lakini mtu aliyekaa kwa zamu unamfukuzaje?

Zamu ilipofika hakuzunguka. "Wanamwandikia Rais, kumwombea asinyongwe. Wakili kasema barua ya nyumba ya marehemu si lazima, ila inaweza kusaidia. Nimekuja kukuomba uandike. Kama nimekukera, nivumilie, mwanangu."

Mimi nikajibu, "Njoo kesho."

Mafundi wenzangu mnanielewa. Neno hilo kwetu linatoka lenyewe. Kitambaa hakijakatwa, njoo kesho. Vifungo vimekwisha, njoo kesho. Umeme umekatika, umeme umerudi, njoo kesho. Wateja wa hapa mjini wameshatuzoea, ukiwaambia kesho wanakuja wiki ijayo. Nilitaka kumwambia aende zake na asirudi tena, ila ulimi ukashika njia yake ya kila siku. Yeye akanishukuru kwa mikono miwili, akaondoka.

Sikushona kitu tena jana. Nilikaa namwaza Elia.

Elia alikuwa na sauti ya besi. Si kanisani tu, hata akijaza upepo baiskeli alikuwa anaimba besi, peke yake, bila sauti nyingine za kuifuata, yaani ukimsikia hujui hata ni wimbo gani. Mimi nilijua. Alikuwa akiniita "fundi," hata mbele ya mama yake, hata siku tuliyogombana mpaka nikalala kwa dada. Alikula na kofia kichwani. Nilimsema miaka kumi na tisa kuhusu ile kofia, na leo ningempikia bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu, nikamtengea, nikamwambia ale na kofia mbili akitaka.

Stefano naye alikuwa besi. Walisimama pamoja kwenye kwaya, bega kwa bega, na shamba walilima pamoja kule Sindeni, la huyu limepakana na la yule, katikati mstari wa mikonge. Alikula kwangu mara nyingi kuliko wadogo zangu. Sasa hiyo mikonge ndiyo iliyotumaliza. Mmoja akasema imehamishwa, mwenzake akasema haijaguswa. Nani alikuwa mkweli, mpaka leo sijui, na siku hizi sitaki kujua. Walitupiana maneno asubuhi. Mchana Stefano akarudi na panga.

Sitaandika zaidi ya hapo.

Niandike jingine ambalo sijawahi kuliandika. Siku ya hukumu, jaji alipotamka kwamba Stefano atanyongwa, nilipiga vigelegele. Ndani ya mahakama! Askari akaja kuninyamazisha, nikapiga tena. Mama yake Stefano alikuwa benchi la mbele yangu. Hakugeuka. Niliona mabega yake tu, na khanga aliyojitanda ilikuwa inatetemeka. Nilifurahi, Mungu anajua. Niliona ndiyo haki ya Elia ile.

Na dini yangu sikuiacha nyumbani siku hiyo, msinielewe vibaya. Nilikuwa na maandiko yangu. Mchungaji aliwahi kuhubiri kwamba serikali imepewa upanga na Mungu mwenyewe ili iwaadhibu watenda maovu. Nikamfuata baada ya ibada, nikamwomba anionyeshe mistari, nikaikariri kama mtoto wa darasa la tatu. Kwenye jumuiya yetu ya akina mama, mtu akithubutu kusema Mkristo hapaswi kushangilia kifo, namshushia mistari hiyo mpaka ananyamaza. Walikuwa wananyamaza kwa kunihurumia. Nilidhani nimewashinda.

Ila kuna mahali pamoja nilikuwa siwezi. Tukisali ile sala ya kila siku, tukifika pale pa kusamehewa kama tunavyosamehe, nafunga mdomo. Nasubiri wenzangu wapite, halafu naingia tena. Miaka sita, tangu msiba, naruka hapo. Hakuna aliyejua isipokuwa Neema, maana yeye husimama ubavuni pangu, na hajasema kitu.

Jana jioni nilimweleza Bi Zaina, jirani yangu anayekaanga vitumbua. Yeye ni Mwislamu, mtu wa swala tano, na akitaka kukuambia jambo halipaki sukari. Nilitegemea atanihurumia. Akageuza vitumbua vyake, akasema, "Kwetu sisi, wenye marehemu tungeulizwa. Mnataka damu au mnaacha? Ninyi mmemwachia jaji, mkaenda nyumbani mkasali. Sasa umeulizwa, Mama Neema. Jibu."

Nikamwambia, "Serikali ndiyo iliyohukumu, mimi ni nani?"

"Si ndiyo maana mama wa watu kaja kwako? Huko serikalini hakuna wa kumwonea haya."

Nilikasirika, nikaondoka bila kuchukua vitumbua nilivyoagiza.

Leo asubuhi nafika kufungua, nimkute nani kizingitini? Mama Stefano. Amelala kwa ndugu yake Manundu, ameamka alfajiri, amekuja. Nilimwambia kesho, na kesho imefika! Miaka yote ya kushona, huyu ndiye mteja wa kwanza kuniamini. Jamani, niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikamkaribisha ndani. Nikaenda kwa Bi Zaina kuchukua vile vitumbua nilivyoviacha jana, nikamletea na chai. Alikunywa taratibu, anatazama nje, kama mtu ambaye hataki kukuharakisha.

Nikatafuta karatasi. Karatasi safi sina, mimi nina daftari la vipimo tu, lile kubwa la jalada gumu ambamo nimewaandika watu wa mji huu tangu nikiwa mwanagenzi. Nikawa nafunua kutafuta ukurasa usioandikwa. Nikaangukia kwenye ukurasa wa kwaya, sare za mwaka ule tulipokwenda kuimba Muheza. Besi niliwaandika pamoja. Elia: bega, kifua, mkono, shingo. Chini yake Stefano: bega, kifua, mkono, shingo.

Shingo inchi kumi na tano na nusu.

Mwandiko wangu mwenyewe. Nilikumbuka kabisa nilivyompima. Kola ni kitu cha hatari, ukikosea kidogo mtu anakabwa. Kwa hiyo mimi huweka vidole viwili kati ya futi ya kupimia na shingo, mtu ameze mate, ndipo naandika. Stefano alicheka, akasema nina vidole vya baridi. Elia akamwambia, "Vumilia, mimi ndiye ninayelala navyo." Tulicheka watatu.

Sasa, miaka sita nimesema "anyongwe" kama mtu anayesema "akamatwe" au "afukuzwe". Leo nimejua ni nini. Ni hii shingo niliyoiachia nafasi ya vidole viwili ili mwenyewe apumue.

Nilikaa chini. Nikashika huu msalaba wangu mdogo wa shingoni, nilioununua kwa kujivuna siku ya kipaimara cha Neema. Miaka yote nimeuvaa na sijawahi kufikiri kwamba huo nao ulikuwa chombo cha serikali cha kuulia waliohukumiwa. Bwana wetu alisomewa hukumu, palikuwa na askari, na palikuwa na watu waliokuwa wakipiga kelele auawe. Siku zote nikisikia habari ile najiona nimesimama na wale akina mama waliolia. Jamani, mimi? Mimi mwenye vigelegele vile?

Sisemi maandiko ya Mchungaji ni ya uongo. Upanga na uwe upanga, kuna watu wenye elimu watabishana. Ninachosema ni kwamba mimi, Mama Neema, siwezi kumfuata Yule na wakati huohuo nikae nikingoja kamba ya Stefano. Nimejaribu miaka sita, haikai. Kila Jumapili inanibidi nifunge mdomo katikati ya sala.

Na kungoja ndiko kulikokuwa siri yangu kubwa. Niseme. Watu wanasema siku hizi hawanyongi, hukumu inabaki kwenye makaratasi. Mimi sikutaka kuwasikia. Nilikuwa na siku yangu mbele, haina tarehe, lakini ipo. Nikikumbuka kiti cha Elia kimekaa kitupu, najiambia subiri, siku ile bado. Nikisikia baiskeli inajazwa upepo kwa jirani na hakuna anayeimba, subiri, siku ile bado. Siku ile ikifika nini kitatokea, sikujiuliza. Nadhani moyo wangu ulikuwa na akili za kitoto. Ulidhani Stefano akitolewa, Elia atarudishwa. Kwamba kuna mlango mmoja, mmoja akitoka mwingine anaingia.

Mimi ni mwanamke mzima, nina mjukuu. Na ndicho nilichokuwa nakisubiri.

Nikachana karatasi, nikaandika. Sikupamba.

"Mheshimiwa Rais. Mimi ni mjane wa Elia, aliyeuawa na Stefano. Mume wangu namtamani kila siku. Stefano sijamsamehe. Mimi ni Mkristo na najua jambo hilo nadaiwa, nitalimaliza mimi na Mungu wangu. Lakini naomba asinyongwe. Siku ya hukumu nilipiga vigelegele mahakamani. Leo navifuta."

Mama Stefano hajui kusoma. Akaniomba nimsomee. Hapo nilitamani niruke, kama ninavyoruka kwenye sala. Lakini nikasoma yote, na lile la kutosamehe nikalisoma kwa sauti ileile, nikingoja anyanyuke ajiendee zake.

Akatikisa kichwa. "Hata mimi bado," akasema.

Nikadhani sikumsikia vizuri.

"Hata mimi sijamsamehe, mwanangu. Elia alikuwa akija kwangu anakula, ananipasulia kuni. Kila nikienda gerezani namtazama huyu niliyemzaa, nasema umemfanya nini mwenzio. Halafu nampa sabuni, narudi. Sasa nifanyeje, na ni wangu?"

Tulilia. Tulilia vibaya, bila staha, mpaka Bi Zaina akaja kuchungulia, akaona, akarudi kwenye kikaango chake. Ni mara ya kwanza tangu msiba nimelia na mtu aliyemjua Elia akiwa na njaa. Watu wengine wananipa pole. Huyu alinisimulia Elia alivyokuwa akikoroga uji wake kwa kidole pale kijiko kilipokosekana, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilimwomba aniambie jingine, akaniambia. Nikamwomba tena. Nilikuwa kama mtu mwenye kiu, sikuona haya.

Saa sita nikamsindikiza stendi. Barua aliifunga kwenye pindo la khanga. Basi la Handeni likaondoka, nikabaki nimesimama na jua utosini, mpaka konda mmoja akaniuliza, "Mama, unasubiri gari la wapi?"

Nikamwambia sisubiri gari.

Nimerudi, nikajaribu kushona, nikaunga mkono wa kushoto upande wa kulia. Ndipo nikafunga.

Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Watu wa ushuhuda kanisani husema hivyo, mzigo umeshuka, amani imeingia. Mimi sioni wepesi wowote. Nimekaa hapa barazani, mawingu bado yamegoma, na nyumba ni tupu kuliko ilivyokuwa jana. Ile siku niliyokuwa nayo mbele nimeitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Sijutii, kama ningeulizwa tena ningeandika tena. Ila sasa hakuna kinachokuja. Hakuna hukumu, hakuna rufaa, hakuna gari. Wewe tu, mume wangu, na kutokuwepo kwako.

Miaka sita wamekuwa wakiniambia nilikuzika Jumamosi ile kule Mnyuzi, na mimi naitikia tu.

Elia, au nimekuzika leo?