Kitufe Alichokitoboa Papa

Goma, Himbi
Jumapili, tarehe 16 Juni 2024

Mpendwa kaka yangu Hilaire,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na Bénédicte na watoto, na ninaomba baridi ya Lubumbashi ya mwezi huu isiwe imewalaza kitandani. Bado unakohoa? Sauti yako ya wiki iliyopita sikuipenda hata kidogo. Kunywa tangawizi, usijifanye kijana. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anasumbuliwa na magoti tu, na habari za magoti hayo anazo kila jirani. Vumbi jeusi la kiangazi limeshaanza, tunafagia asubuhi na jioni tunafagia tena.

Najua unajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Kwenye simu unapenda kumkatiza mtu, na habari hii nataka uifuate mpaka mwisho. Halafu kuna kitu ndani ya bahasha. Usikitoe kwanza. Ah, najua umeshakitoa.

Tangu mwezi wa tatu unapiga simu na kuomba kuongea na Papa, na kila mara Mama anakujibu amelala. Kaka, Papa hakuwa amelala. Alikuwa amekaa palepale kwenye kiti chake, anaisikia sauti yako, anatikisa kichwa kukataa. Iliniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Papa alikuwa na hakika kwamba umeuza gari lake bila kumwambia.

Ngoja kwanza, usikasirike. Acha nianzie mbali.

Unaikumbuka siku ile Toyota ya kijani ilipoingia nyumbani? Majirani hawakuja kuangalia gari, walikuja kuangalia telekomande, kile kidude cheusi kwenye ufunguo. Papa anabonyeza akiwa mbali, milango inajifunga, taa zinawaka na gari linalia mara mbili, pii-pii. Mama akasema limesema asante. Tangu hapo, Papa akirudi jioni, mtoto wa kwanza kufika getini ndiye anayepewa kubonyeza. Kwa miguu yako ile mirefu, kila siku ulikuwa wewe. Nililia mpaka Papa akaamua kwamba Jumamosi ni zamu ya Kahindo, na hata Jumamosi zenyewe uliniibia.

Na zile safari za likizo, alipokuwa akienda kununua maharagi Kalengera! Tunakaa nyuma juu ya magunia matupu, tunapita Kibati, tunapita Rumangabo, mikono imejaa mahindi ya kuchoma. Papa akishuka kupatana bei, wewe unalifunga gari na kulifungua, pii-pii, pii-pii, mpaka mama wauza ndizi wanatufukuza. Leo barabara ile unajua vita vilivyoifanya. Nikifikiria maharagi yale mapya, Mama alivyokuwa akiyabandika jikoni kabla hatujanawa miguu, natamani turudi hata kwa siku moja.

Ulipoondoka, Papa alikuwa bado anaona kidogo. Sasa haoni kitu. Gari linakaa chini ya mabati, mimi naliwasha tu mara mojamoja ili betri isife. Lakini kila jioni, Mama akimaliza rozari, Papa anatoka nje barazani, anatoa ufunguo mfukoni, anabonyeza. Gari linajibu. Anasema, “Iko.” Ndipo anaingia kula. Kitufe kimelika kwa kidole gumba chake mpaka mpira ukatoboka, akaukata mpira wa ndani wa baiskeli akaziba, nao ukatoboka.

Niliwahi kumcheka. Nikamuuliza, Papa, unaogopa gari litatembea lenyewe? Akanijibu, “Ile sauti njo ilikuwa inabaitaka getini. Nikiisikia, naona mungali batoto, munakimbia.” Tangu siku ile sikumcheka tena.

Sasa kumbuka Bonane. Mama alikuwa amefungua simu sauti yote ili kila mtu asikie salamu zako za mwaka mpya. Ukasema gari linakaa bure, liuzwe, Papa apelekwe kwa daktari mzuri wa macho. Ulisema kwa nia njema, nakujua. Papa alimaliza wali wake akaomba maji.

Mwezi wa tatu, jioni moja, akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Tukabadilisha betri ya telekomande, tukaipangusa, hakuna kitu. Mimi nikaona ni kidude kimezeeka. Papa aliona jambo lingine. Zamani mwenzake mmoja wa biashara aliuza gari, akasahau kutoa ufunguo wake wa pili, na alipoujaribu ulikuwa umekufa, kwa sababu mnunuzi alikwenda kwa fundi akatengenezewa mpya na zile za zamani zikafutwa. Papa hajasahau. Akaniambia taratibu, “Motokari ikipata mwenyewe mupya, ufunguo ya zamani inakufa. Hilaire ameshauzisha.”

Nilimshika mkono nikampeleka mpaka kwenye gari. Akapapasa boneti, akapapasa kile kioo cha pembeni ulichokigonga getini. Akasema, “Ingali hapa, inangoja mwenyewe akuye kuibeba.” Nikiwasha injini, anasema ninampashia moto mnunuzi. Akaacha kukaa barazani jioni. Akaacha simu zako. Alikuwa akila kidogo tu, na mimi niliogopa kwamba tutamzika akiwa na kinyongo na wewe.

Nikamtafuta fundi Ndayambaje, anayetengeneza funguo za magari kule Birere, akaja nyumbani. Akafungua telekomande, akaona kibao cha umeme cha ndani kimeliwa na kutu. Akatengeneza mbili mpya, maana mwenye ufunguo mmoja akiupoteza hulia, akachomeka mashine yake chini ya usukani na kuzitambulisha kwa gari. Pii-pii! Nilikimbia na moja ndani kama mtoto.

Papa akaipokea. Akaigeuza mkononi. Ilikuwa laini, kitufe kigumu, pembe zote nzima. Akanirudishia kwa adabu, namna anavyomrudishia mgeni kofia yake. “Hii si yangu. Hii njo ya ule mwenye kununua.”

Kaka, nililia mbele ya fundi bila haya. Yaani nilikuwa nimemletea Papa ushahidi dhidi yako kwa mikono yangu mwenyewe.

Aliyetuokoa ni Mama. Alitoka jikoni na magoti yake, mwiko mkononi, akamwambia fundi, “Uyu haonake na macho, anaonaka na kidole. Mumurudishie tundu yake.” Ndayambaje akaelewa haraka kuliko mimi. Akaifungua moja ya zile mpya palepale barazani, akatoa vitu vya ndani akavitia kwenye ganda la zamani, na mpira wake uleule uliotoboka. Kila alichofanya alimweleza Papa, wala hakumficha kwamba ndani ni mpya. Kisha akamwambia, “Muzee, hii motokari inajua funguo mbili tu. Zote mbili iko kwa mukono yako.”

Papa akaweka kidole gumba kwenye tundu lake. Akangoja. Nilidhani hatabonyeza. Akabonyeza.

Pii-pii.

Akabonyeza tena, na tena, mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Halafu akacheka, kaka, kicheko chake kile cha sokoni ambacho hatujakisikia siku nyingi. “Hakuna mununuzi atakubali ufunguo yenye tundu!” Kicheko kilipoisha akasema, “Basi nimemuonea mutoto bure.” Akalia. Sijawahi kumwona Papa akilia, hata siku daktari alipomwambia kuhusu macho.

Usiku ule alikula sahani mbili za sombe na sambaza. Kesho yake akaniita, akaweka ule ufunguo mwingine mpya kiganjani mwangu, akaniambia nikuandikie, kwa sababu jambo kama hili haliombewi msamaha kwenye simu. Naandika maneno yake yalivyo: “Umuambie Hilaire, kama anataka kuuzisha, tutauzisha. Lakini motokari haiuzishwake na ufunguo moja. Ya pili iko naye. Akuye nayo.”

Basi, hicho ndicho ulichokishika mkononi. Mama Umutesi, jirani yetu, anasafiri kuja huko kwa binti yake, nimemwapisha asikitie kwenye mzigo bali kwenye mkoba wake.

Mpe Bénédicte salamu zangu, mwambie vitambaa alivyonitumia nimeshona, na mimi ndiye niliyependeza kuliko wote siku ya Pasaka. Wabusu watoto. Mwanangu Ushindi anawasalimu, anauliza kama mke wa mjomba anajua kupika keki. Mama anakuombea katika kila fumbo la rozari na anasema uvae sweta. Mungu awafunike, awape afya na riziki, na atukutanishe tungali hai sote.

Neno la mwisho ni la Papa pia. Amesema siku utakayokuja usigonge geti wala usipige hodi. Ubonyeze tu.

Amerudi barazani, kaka. Jioni anabonyeza ya kwake mara moja, gari linajibu, lakini siku hizi hasemi “Iko” palepale. Anageuza sikio upande wa getini, anangoja kidogo, ndipo anaingia kula.

Dada yako akupendaye, hata kwa zile Jumamosi ulizoniibia,

Kahindo