Baluni Mbili za Nyaguthii

Musimbi uko? Nimejifungia lab na sitoki hadi wanafunzi waende nyumbani.

Si unamjua Nyaguthii, yule mwalimu mpya wa kemia kutoka Burnt Forest? Form Three wanamwimba kila saa, madam Nyaguthii hivi, madam Nyaguthii vile. Mimi nimewafundisha kemia tangu Form One hadi akaja, na hakuna siku waliniimba.

Leo nikaenda kukaa nyuma ya darasa lake. Eti namsaidia. Ukweli nilienda kumtafutia makosa.

Alikuwa amefunga baluni mbili, saizi moja. Moja hewa ya pampu, ingine ile gesi ya siki na baking soda. Akaziachilia pamoja, ile ya siki ikafika chini kwanza. Akauliza, gani iko na chembe nyingi?

Musimbi, nikainua mkono. MIMI. Nikasema si ni hiyo nzito, na nikacheka kidogo.

Halafu msichana mmoja akasema pole pole, "Lakini madam, si ni wewe ulitufundisha? Saizi moja, joto moja, presha moja, chembe ni sawa. Chembe za hiyo ndizo nzito, si ati ni nyingi."

Hiyo kitu naijua hata nikiwa usingizini! Ni wivu ulijibu, si mimi.

Nyaguthii hata hakucheka. Akasema, "Madam alikuwa anawapima. Mpigieni makofi."

Wakapiga, aki. Makofi yangu ya kwanza kwa hilo darasa, na ni yeye amenipea.